Daktari Atiman: Aliyefika Karema Akabaki



Wiki hii nataka tuongee kuhusu kitu kinachotushinda wengi wetu, mimi nikiwa wa kwanza: kudumu. Kuanza hatuna shida. Baada ya kongamano la vijana, baada ya mafungo ya Kwaresima, baada ya mahubiri yaliyotuchoma moyo, tunaanza. Tunaweka alamu ya saa kumi na moja alfajiri, tunapakua programu ya masomo ya Misa, tunaazimia Rozari kila siku. Wiki ya kwanza moto. Wiki ya pili tunajikokota. Wiki ya tatu alamu inalia na mkono unaizima kabla macho hayajafunguka. Mwisho wa mwezi hatukumbuki hata tuliazimia nini. Kinachobaki ni aibu, na aibu hiyo ndiyo inatufanya tuogope kuanza tena.

Leo sikupi ratiba mpya, maana najua unazo tatu tayari kwenye simu. Nitakusimulia maisha ya mtu mmoja. Wazee wa Karema na Sumbawanga wanalijua jina lake, lakini vijana wengi tunalisikia tu kama jina la hospitali: Daktari Adrien Atiman.

Safari yake hapa kwetu ilipita kwenye njia ya misafara, kwa hiyo tuanzie hapo. Ukienda Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, utaona tembe alimokaa Livingstone mwaka 1872. Pale palikuwa njia panda ya nchi. Misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Unyanyembe, ndiyo Tabora yetu, na hapo ikagawanyika. Mingine ilikwenda kaskazini kuelekea ziwa Viktoria na Buganda, mingine magharibi mpaka Ujiji na mwambao wa ziwa Tanganyika. Kutoka pwani hadi Ujiji ni mwendo wa kilomita zipatazo 1,200, na watu waliutembea kwa miguu. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba frasila mbili, yaani kilo 30 na ushee, kichwani au begani.

Msafara wa namna hiyo haukwenda kwa kukurupuka. Kirangozi alitangulia, watu wakaondoka kabla jua halijapanda, wakatembea masaa kadhaa, kisha wakapiga kambi. Kesho yake tena. Kesho kutwa tena. Hakuna aliyefika Tabora kwa siku moja ya nguvu nyingi. Walifika kwa miezi, hatua ya leo ikiwekwa juu ya hatua ya jana. Shikeni hilo, tutalirudia.

Lakini njia hiyohiyo ilikuwa pia njia ya machozi. Pamoja na pembe za ndovu walipitishwa watumwa, wamefungwa shingo kwa shingo, wakipelekwa pwani. Na mtu wetu wa leo aliujua utumwa, kwa sababu naye alikuwa ameuzwa.

Mtoto aliyenyang'anywa kwao

Atiman hakuwa Mtanganyika kwa kuzaliwa. Alizaliwa mnamo mwaka 1866 mbali sana, kwenye mto Niger, upande wa Timbuktu, nchi ambayo leo ni Mali. Akiwa bado mtoto alitekwa, akatenganishwa na baba na mama, akavushwa jangwa la Sahara na kuuzwa. Jaribu kufikiria mtoto wa umri wa darasa la pili au la tatu, haelewi lugha inayozungumzwa juu yake, hajui anapelekwa wapi, na kila siku nyumbani kunazidi kuwa mbali.

Alipokuwa na umri wa miaka kumi hivi, Wamisionari wa Afrika, hawa tunaowaita Mapadre Weupe, walimkomboa huko kusini mwa Algeria. Shirika lao lilikuwa changa bado. Lilianzishwa mwaka 1868 na Askofu Mkuu wa Algiers, Charles Lavigerie, ambaye baadaye akawa Kardinali na kupiga kelele Ulaya nzima dhidi ya biashara ya watumwa. Wakamsomesha Atiman. Mwaka 1882 akabatizwa, akapewa jina Adrien.

Lavigerie alikuwa na wazo ambalo wakati ule lilishangaza. Aliona kwamba Afrika itahubiriwa na Waafrika wenyewe. Si wote wangekuwa mapadre. Alitaka pia walei wenye familia, wanaoishi na watu, wanaokula chakula chao na kusema lugha yao, lakini wenye ujuzi wa kutibu. Mganga wa mwili anayefundisha pia dini: daktari-katekista. Kwa hiyo mwaka 1881 vijana wa Kiafrika waliokombolewa utumwani walianza kupelekwa kisiwa cha Malta kusomea udaktari kwenye Chuo Kikuu cha huko. Atiman alikuwa mmoja wao. Alikaa Malta miaka saba, mpaka mwaka 1888.

Miaka saba, ndugu yangu. Sisi tukisoma kozi ya miezi miwili tunaona dunia imesimama.

Barabara ya makaburi

Mwaka 1888 alitumwa Afrika ya Mashariki, kwenye misheni ya ziwa Tanganyika. Hapa nataka tuelewe alikuwa anatumwa wapi.

Kipalapala, hapo Tabora, wamisionari walikuwa na kituo ambamo walilelewa watoto waliokombolewa utumwani. Agosti 1887, hapohapo Kipalapala, Padre Jean-Baptiste Charbonnier aliwekwa wakfu kuwa askofu wa misheni ya Tanganyika, na aliyemweka wakfu ni Askofu Léon Livinhac aliyetoka Buganda. Ilikuwa siku kubwa kwa Kanisa la bara hili. Machi 1888, yaani baada ya miezi saba tu, Askofu Charbonnier akafariki Karema. Mrithi wake, Askofu Léonce Bridoux, aliwasili ziwani mwanzoni mwa mwaka 1889. Oktoba 1890 naye akafariki. Maaskofu wawili ndani ya miaka mitatu, bila kuhesabu mapadre na mabruda waliozikwa kando ya njia tangu msafara wa kwanza wa mwaka 1878, pale Padre Joachim Pascal alipofariki hata kabla ya kuiona Tabora.

Kwa hiyo kijana wa miaka 22 hivi anayeanza safari hiyo hakuwa na sababu ya kupanga mambo ya miaka hamsini. Homa ingeweza kumchukua ndani ya wiki moja. Na mwaka uleule pwani yetu iliwaka moto wa vita vya Abushiri. Alichokuwa nacho ni siku moja moja.

Nadhani hapo ndipo tunapokosea sisi. Tunaazimia kwa mwaka mzima, tunaapa hadi mwisho wa maisha, halafu siku ya leo yenyewe inatuponyoka. Wana wa Israeli jangwani waliokota mana ya siku, na ile waliyojaribu kuiweka akiba ikaoza. Yesu mwenyewe alitufundisha kuomba mkate wa leo.

Mwaka 1889 Atiman akafika Karema. Leo Karema iko Mkoa wa Katavi, ufukweni mwa ziwa. Ukitoka Tabora unaweza kupanda treni mpaka Mpanda, halafu ukaendelea kwa gari. Wakati ule palikuwa na boma lililojengwa na Wabelgiji mwaka 1879, ambalo mwaka 1885 walilikabidhi kwa Mapadre Weupe. Watu wengi walioishi kulizunguka walikuwa wanatafuta kitu kimoja: usalama dhidi ya watekaji.

Kwa hiyo tazama jinsi Mungu anavyofanya kazi. Mtoto aliyeuzwa kwenye mchanga wa Sahara anafika kwa miguu yake mwenyewe, mtu huru, mahali ambapo wengine wanakimbia kuuzwa. Anajua hofu yao bila kuelezwa.

Miaka 67 mahali pamoja

Sasa basi, hapa ndipo stori inapokuwa ngumu kusimulia, kwa sababu kubwa alilofanya ni kubaki.

Alifika Karema mwaka 1889, akafariki mwaka 1956. Miaka 67 katika misheni hiyohiyo. Alifika Wajerumani wakiwa ndio wanaingia nchini, akawaona wakiondoka. Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliiteka Tabora, kisha wakaja Waingereza, na alipofariki ilikuwa imebaki miaka mitano tu Tanganyika ipate uhuru. Bendera zilibadilika. Maaskofu walibadilika: Askofu Adolphe Lechaptois, aliyeliongoza jimbo hilo kuanzia mwaka 1891, alifariki mwaka 1917, na Atiman alikuwa bado yupo na kazi yake ileile.

Kazi yenyewe ilikuwa nini? Wagonjwa. Vidonda vinavyonuka, homa, mama anayejifungua kwa shida, ndui, na baadaye ugonjwa wa malale uliotesa watu wa mwambao wa ziwa. Leo unamfunga mtu kidonda, kesho anarudi na uchafu palepale, unafungua unaosha unafunga tena. Asubuhi wapo, jioni wapo. Kidonda hakiponi kwa kuoshwa mara moja kwa bidii nyingi. Kinapona kwa kuoshwa kila siku. Kila muuguzi analijua hilo, na nadhani roho zetu ni hivyohivyo. Tunataka kitubio kimoja kikubwa chenye machozi kitumalizie kila kitu, wakati Mungu anataka kutufunga upya kila asubuhi.

Pamoja na dawa alifundisha dini. Na hapa kuna jambo ambalo vijana wa leo tunahitaji kulisikia. Lavigerie alikuwa ameweka sheria kwamba mtu mzima anayetaka ubatizo aandaliwe kwa miaka minne: miwili ya kwanza kama mtu anayeomba kujifunza, mingine miwili kama mkatekumeni. Miaka minne! Wamisionari wengine waliona ni mirefu mno. Lakini Lavigerie alijua kwamba moto wa mara moja huzimika. Alitaka kuona kama mtu atarudi Jumatatu, na Jumatatu nyingine, na wakati wa mvua, na wakati wa kilimo. Katekista ndiye aliyekuwa pale akimsubiri arudi. Kabla hujamfundisha mtu kudumu, ni lazima wewe mwenyewe uwe unakutwa mahali pako.

Misheni zile ziliendeshwa kwa kengele. Alfajiri kengele, Misa. Adhuhuri kengele, watu wanasimama na kusali Malaika wa Bwana, jembe likiwa mkononi. Jioni kengele, sala ya jioni. Atiman aliishi ndani ya mpigo huo. Hakuna aliyeamka akijiuliza leo nina hamu ya kusali au sina. Kengele ikilia unakwenda. Kuna siku moyo unawaka, kuna siku umechoka kwa sababu usiku kucha ulikuwa kwa mgonjwa aliyefia mikononi mwako. Unakwenda hivyohivyo, na Mungu anaipokea sala ya mtu aliyechoka.

Alioa. Mke wake alikuwa Agnes Wansahira, wa kabila la Wabende. Hapo alimaliza kuwa mgeni. Lugha yake ya nyumbani ikawa ya huku, mazishi yake yakawa ya huku, mashamba yake huku. Mtoto wao Joseph alipadrishwa mwaka 1923. Naomba usome tena: mtu aliyenyang'anywa baba yake utotoni, yeye mwenyewe akawa baba, na mwanae akasimama altareni. Sijui kama alilia siku ile, lakini mimi ningelia. Na sidhani kama upadre wa Joseph ulianzia seminari. Mtoto anayemwona baba yake akienda Misa asubuhi na kutoka hapo kwenda kwa wagonjwa, mwaka hadi mwaka, anafundishwa kitu ambacho hakimo katika kitabu chochote.

Mtu mwenye elimu kama yake, katika nchi ambayo madaktari walihesabika kwa vidole, angeweza kutafuta maisha mengine. Njia ilikuwepo. Dar es Salaam ilikuwa inakua, reli ilifika Tabora mwaka 1912, na miaka miwili baadaye Kigoma. Msafara uliochukua miezi sasa ulichukua siku chache. Yeye aliendelea kuamka Karema. Heshima na nishani zilimfuata hukohuko, zikamkuta mzee mwenye mvi akihudumia wajukuu wa watu aliowatibu ujanani.

Alifariki akiwa na umri wa karibu miaka 90, na akazikwa Karema, katikati ya watu wake. Sumbawanga kuna hospitali ya Kanisa inayobeba jina lake hadi leo. Ukihesabu kwa haraka, miaka 67 ni zaidi ya siku 24,000. Sidhani kama yeye alizihesabu.

Sasa mimi na wewe

Naomba nisigeuze maisha ya mtu kuwa orodha ya mbinu. Lakini kuna mambo matatu yamenikaa kichwani tangu nilipoanza kusoma habari zake, na nimeyajaribu mwenyewe.

La kwanza ni kengele. Sala isiyo na saa wala mahali haidumu. Chagua saa ambayo haitegemei hisia zako na uifunge na jambo unalofanya tayari. Mimi nasali Malaika wa Bwana saa sita mchana kwa sababu kengele ya parokia inasikika mpaka tunapofanyia kazi. Kama wewe huko uliko hakuna kengele, basi kabla ya kugusa simu asubuhi, fanya ishara ya msalaba na umtolee Mungu siku. Dakika mbili. Usicheke udogo wake. Mpagazi naye alianza kwa hatua.

La pili ni mzigo unaobebeka. Frasila mbili zilikuwa kipimo cha mtu mzima aliyezoea. Ukimtwika kijana wa siku ya kwanza frasila nne, atauangusha mzigo porini kabla ya kambi ya kwanza. Wewe ambaye hujawahi kudumu na fungu moja la Rozari, kwa nini unaazimia Rozari nzima, Masifu ya Asubuhi, kurasa kumi za Biblia na kufunga Ijumaa, vyote kwa wiki moja? Beba fungu moja. Likishazoea bega, ongeza. Na usitembee peke yako: jumuiya ndogo ndogo, VIWAWA, au hata rafiki mmoja wa kukuuliza jioni kama umesali. Kwenye njia ile, aliyebaki nyuma ya msafara peke yake ndiye aliyekuwa hatarini.

La tatu ndilo ninalolihitaji zaidi. Siku ukikosa, kesho ipo. Mwaka jana nilianza novena mara tano nikaishia njiani zote, na baada ya ile ya tano niliacha kusali kabisa karibu mwezi mzima, kwa aibu tu. Hakuna kingine. Nilikuwa nimefanya sala kuwa rekodi yangu ya kujivunia, na rekodi ilipovunjika sikuona sababu ya kuendelea. Msafara ukikesha kwenye mvua na kushindwa kutembea siku moja, haurudi Bagamoyo kuanza upya. Unaamka palepale ulipolala, unajitwika mzigo, unaendelea. Yule anayekungoja hajahama. Kama ni dhambi imekukwamisha, kitubio kipo Jumamosi hii. Nenda.

Atiman hakuchagua mahali alipozaliwa kunyang'anywa, wala hakuchagua jangwa. Lakini kila asubuhi ya Karema aliichagua mwenyewe. Uhuru aliopewa aliutumia hivyo: kurudi palepale, kwa Mungu yuleyule na kwa wagonjwa walewale, hadi mwisho. Nadhani huo ndio uhuru, kuweza kutoa neno lako na kulitimiza siku ambayo huna hamu nalo.

Basi usiku wa leo, kabla hujalala, usipange mwaka. Jiulize tu kesho utamkuta Mungu saa ngapi na wapi. Kisha lala.

Tuombe. Ee Bwana, uliyemtoa mtumishi wako Adrien katika utumwa na kumpa moyo wa kukaa mahali ulipomweka, utupe sisi vijana neema ya siku moja. Utuamshe kesho, na tukianguka utuinue tena, mpaka tufike kambi ya mwisho kwako. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Mama Maria, Malkia wa Afrika, utuombee. Tukutane wiki ijayo.